Mtaro Umechimbwa, Maji Yamesimama: Hitilafu za Mashine za Mitaro Zinazoongozwa na Setilaiti

Mwongozo huu umetokana na simu ninazopigiwa na maoperata wa mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, hasa wiki za mwisho kabla ya masika. Wengi huanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, setilaiti zinasumbua." Kwa niliyoyaona, setilaiti ni za mwisho kulaumiwa. Chanzo huwa hapa chini: boliti iliyolegea, bezi (kituo cha kusahihisha vipimo vya setilaiti) iliyohamishwa, au namba iliyoandikwa vibaya kwenye skrini.

Mitaro kwenye udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi mzito unaopasuka kiangazi, huchimbwa kwa mteremko mdogo sana. Asilimia 0.1 ni sentimita 10 tu kwa kila mita 100. Ukikosea kimo kwa sentimita 5, umefuta mteremko wa mita 50 nzima. Maji yatalala hapo, na muwa ambao mizizi yake imekosa hewa utakuwa njano huku wa jirani ukiwa kijani.

Mashine yenyewe ni trekta yenye kisu cha kuchimbia, kinachopandishwa na kushushwa na vali ya haidroliki. Antena iliyo juu ya mlingoti wake inasoma setilaiti za GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou. Bezi, iliyosimama juu ya nukta inayojulikana, inasoma setilaiti hizohizo na kutuma vipimo vyake, tunavyoviita masahihisho, kwa redio au kwa intaneti ya simu. Kompyuta ya trekta inalinganisha pande mbili na kufuta makosa yanayofanana. Hiyo ndiyo RTK, yaani kupima papo hapo kwa kulinganisha na bezi. Ikishika vizuri, skrini inaandika FIX na unapata usahihi wa sentimita 1 hadi 2 kwa mlalo. Kwa kimo, kosa ni mara moja na nusu hadi mbili ya hapo, na mtaro ni kazi ya kimo. Ndiyo maana huduma za kulipia zinazotuma masahihisho kutoka angani bila bezi zinatosha kupanda na kupiga dawa, lakini kwa mteremko wa mtaro usizitegemee.

Anza hapa, dalili yoyote iwayo

Kila shamba liwe na alama ya zege ambayo kimo chake kimeandikwa. Asubuhi, mchana na kabla ya kufunga kazi, shusha ncha ya kisu juu ya alama hiyo, subiri kama nusu dakika, soma kimo. Kikitofautiana na kilichoandikwa kwa sentimita 2 au 3, endelea. Kikizidi hapo, simamisha kazi. Usiguse mipangilio ya skrini kabla ya kipimo hiki, kwa sababu ukishabadilisha namba mbili tatu kwa kubahatisha, hata fundi atakayekuja hatajua kosa la kwanza lilikuwa lipi.

Dalili ya 1: Skrini inakwama kwenye FLOAT, haifiki FIX

FLOAT maana yake kompyuta bado inakadiria, haijashika. Kwenye hali hiyo kosa la kimo linaweza kufika makumi ya sentimita. Kisu kiinuliwe. Usichimbe "kidogo tu mpaka ikae sawa".

Chanzo kinachoongoza ni masahihisho kutofika. Tafuta kwenye skrini umri wa sahihisho, yaani sekunde zilizopita tangu la mwisho lifike. Sekunde 1 au 2 ni sawa. Ukiona namba inapanda, 10, 20, 40, basi bezi haisikiki. Nenda kwenye bezi: betri ina chaji? Klipu za betri zimeshika au zimeota kutu? Antena ya redio imefungwa, na iko juu ya vitu vinavyoizuia? Redio hizi hutaka kuonana. Muwa uliokomaa unapita mita 3, na antena iliyofungwa kwenye mlingoti wa mita 2 katikati ya miwa haitafika mbali. Ipandishe. Kama unatumia intaneti ya simu, angalia kwanza kama bando limeisha. Nimesafiri kilomita nyingi kwenda kununua bando la mtu.

Kama masahihisho yanafika na bado ni FLOAT, fuata waya wa antena kutoka juu ya mlingoti mpaka kwenye kompyuta. Huwa unapigwa na majani ya miwa na kukunjwa kila kisu kinapopanda. Fungua plagi, tazama kama kuna maji au pini iliyopinda, kausha, rudisha. Halafu tazama juu: mwembe mkubwa, bohari la mabati au lori lililoegeshwa karibu na bezi vinarudisha mawimbi na kuichanganya antena. Bezi iwe mahali penye anga wazi kuanzia nyuzi 10 hadi 15 juu ya upeo.

Sababu inayofuata ni mipangilio. Bezi mpya ikituma ujumbe wa muundo mpya na mashine ya zamani isiuelewe, redio itaonekana inafanya kazi vizuri huku kompyuta haipati cha kutumia. Pande zote mbili ziwekwe kwenye muundo mmoja.

Kisha kuna umbali. Kila kilomita kati ya bezi na mashine inaongeza kosa la takriban milimita 1, na kushika FIX kunakuwa kugumu zaidi. Kwa mitaro mimi sipendi kuvuka kilomita 5.

Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa ukanda huu wa ikweta zaidi ya mkulima wa Ulaya. Baada ya jua kuzama, tabaka la ioni (hewa ya juu sana yenye chaji ya umeme) lililo juu ya vichwa vyetu huchafuka, na mawimbi ya setilaiti yanapita humo yakitikisika. Kati ya saa moja jioni na karibu saa sita usiku unaweza kuona setilaiti 20 kwenye skrini na FIX ikakatika kila dakika. Ni mbaya zaidi miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, kama 2024. Kubadilisha antena hakutasaidia. Panga kazi ya kimo ifanyike mchana, usiku ubaki wa kusafisha na kupaka grisi.

Dalili ya 2: FIX ipo, lakini kimo cha leo si cha jana

Hii ndiyo inayoharibu mitaro mingi kuliko zote, kwa sababu skrini inakuwa ya kijani na kila mtu ametulia.

Niliwahi kuitwa kwenye shamba moja kuangalia mtaro wa mita 640. Siku ya kwanza walichimba nusu ya chini, siku ya pili nusu ya juu. Mvua ilipokuja, maji ya juu yalikataa kushuka. Mzee mwenye miwa upande ule alikuwa amesimama ukingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu tazama."

Akachukua kipande cha muwa, akakichomeka sakafuni mwa mtaro, akakitoa. Maji yalikuwa yamefika juu ya pingili ya kwanza, karibu na ya pili. Hatua chache chini ya hapo sakafu ilikuwa kavu.

Nilipomhoji kijana wa bezi, jibu likapatikana. Usiku betri iliisha. Asubuhi akaibadilisha, bezi ilipowaka ikauliza iko wapi, naye akabonyeza kitufe cha kuiambia itumie mahali ilipo. Bezi ikajipimia yenyewe bila msaada wa kituo kingine na kujipa kimo kipya, sentimita 18 juu ya kile cha jana. Mashine ikaamini iko juu kuliko ilivyo, ikachimba chini kwa sentimita hizohizo. Bahati mbaya ilikuwa udogo wa kosa. Lingekuwa mita 2, kwani linaweza kufika huko, operata angeshtuka papo hapo.

Kwa hiyo, ukikuta kimo kimehama:

Kwanza, fungua ukurasa wa bezi na ulinganishe koodinati zake na zile zilizoandikwa kwenye daftari, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, andika zile za daftari kwa mkono. Bezi isiruhusiwe kamwe kujitafutia mahali katikati ya kazi.

Pili, pima urefu wa antena ya bezi kutoka kwenye nukta ya chini. Mtu akishusha miguu ya stendi kwa sentimita 6, shamba zima linahama sentimita 6.

Tatu, tazama ardhi yenyewe. Udongo wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Nguzo ya bezi iliyochimbiwa nusu mita kwenye udongo huo hupanda, hushuka na kuinama pamoja nao, na alama ya zege vilevile. Weka bezi juu ya jengo imara lenye msingi mzuri, au chimbia nguzo ndefu ipite tabaka linalopasuka. Kama alama mbili tofauti shambani zinakupa majibu mawili tofauti, moja kati yake imetembea. Hapo muite mpima ardhi na levo yake, kifaa cha kupimia kimo bila setilaiti. Usichague ile inayokupendeza.

Dalili ya 3: Mistari ya mtaro inaonekana nje ya shamba

Ikiwa mchoro umehama kwa takriban mita 300, karibu hakika umetolewa kwenye ramani ya zamani. Ramani nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa mfumo wa koodinati wa Arc 1960, wakati mashine inatumia mfumo wa setilaiti wa WGS84. Namba zileile zinaangukia mahali tofauti. Aliyetengeneza mchoro aubadilishe. Usiusukume kwa kidole kwenye skrini mpaka ukae shambani, maana utakaa kwa macho tu.

Ukiwa umehama kwa mamia ya kilomita, kanda ya UTM (moja ya vipande ambavyo ramani ya dunia imegawanywa) imekosewa. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 uko kwenye nyuzi 36 mashariki. Mbarali iko kanda ya 36, Ifakara iko ya 37, na trekta iliyohamishwa kutoka kule kuja huku hubeba mpangilio wa kule.

Kuna lingine la aina hii linalohusu kimo. Setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, ilhali ramani za wapima hutumia usawa wa bahari. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki tofauti ya viwili hivyo inapita mita 10. Ukichanganya kimo cha ramani na kimo cha mashine, kompyuta itakuamuru uchimbe shimo la ghorofa tatu. Chagua kimoja, na shamba lote lifuate hicho.

Dalili ya 4: Sakafu ya mtaro ina mawimbi

Chukua futikamba, upime umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine. Kipimo hiki kitakuambia mengi kuliko skrini.

Mawimbi yakijirudia kila mita 1.5 hivi, na mtaro unakatiza matuta ya miwa ya zamani, chanzo ni matuta. Magurudumu yanapanda na kushuka kuliko vali inavyoweza kufuata. Sawazisha njia ya trekta kwanza, kisha rudi kwa mwendo mdogo. Mashine inayopokea kimo mara 10 kwa sekunde, ikienda kilomita 6 kwa saa, inasogea sentimita 17 kati ya kipimo na kipimo. Punguza hadi kilomita 3 uone tofauti.

Mawimbi mafupi, huku kisu kinatetemeka hata trekta ikiwa imesimama, ni dalili kwamba ukali wa vali umewekwa juu mno. Inavuka kimo, inarudi, inavuka tena. Ushushe kidogo kidogo. Mawimbi marefu na ya polepole ni kinyume chake: vali ni nzito kuitika, au mafuta ya haidroliki bado ni baridi. Acha mafuta yapate moto ndipo ukalibreti vali, kwa sababu kalibresheni ya asubuhi yenye baridi haitafaa saa saba mchana.

Kabla ya yote hayo, lakini, chukua mtaimbo, inua kisu kwa nguvu ukiwa umezima injini na kisu kimeegemezwa kwenye gogo. Pini zikiwa zimeliwa utaona kisu kinacheza sentimita moja au zaidi bila mlingoti kujua. Mchezo huo hakuna programu inayoweza kuurekebisha. Badilisha pini na bushi.

Dalili ya 5: Skrini inasema mtaro uko sawa, maji yanasema hapana

Amini maji. Kisha pima sakafu kwa levo kila mita 20, mbali kabisa na kifaa kilichouchimba.

Mara nyingi utakuta kisu. Kompyuta inajua urefu kutoka antena hadi ncha ya kisu siku ulipoupima. Kisu kikiliwa sentimita 3, mtaro wote unakuwa juu sentimita 3. Ukifunga kisu kipya bila kupima upya, unakwenda chini. Mbuga laini huchukua muda kula kisu, lakini ukiingia kwenye udongo wa mchanga wa kingo za mito, pima kila siku.

Inayofuata ni mlingoti. Mlingoti wa mita 3 ulioinama nyuzi 5 unapeleka antena kando kwa sentimita 26, huku kimo kikipungua sentimita 1 tu. Kwa hiyo kimo kitaonekana kizuri na mtaro utakuwa umekimbia mstari wake. Simamisha kwa pimamaji pande zote mbili, kaza boliti, chora mstari wa rangi kwenye kiungo ili ujue kikigeuka.

Mashine ikiwa sawa, tazama mtaro mkuu. Maji yake yakiwa juu ya mdomo wa mtaro wako, hakuna mteremko utakaosaidia. Ndiyo sababu kazi huanzia mdomoni kupanda juu, kimo cha mdomo kikiwa kimepimwa wakati wa maji mengi, si Septemba. Tazama pia kifusi. Udongo uliolundikwa kingo zote mbili bila kuacha mapengo unazuia maji ya shambani yasiingie mtaroni, na watu hulaumu setilaiti kwa kosa la koleo.

Dalili ya 6: Kisu hakiitiki, au kinashuka chenyewe

Weka kwenye hali ya kuendesha kwa mkono. Kikifanya kazi kwa mkono na kukataa kwa otomatiki, tatizo ni la umeme au mpangilio: fyuzi, plagi ya vali, kitufe cha otomatiki, au FIX iliyokatika, kwani mifumo mingi hufunga kisu ikikosa FIX. Kikikataa pande zote, angalia kiwango cha mafuta, kichujio, na kama mipira ya haidroliki imechomekwa hadi mwisho. Kikishuka chenyewe trekta imezimwa, sili za silinda au vali zinavujisha.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Usitafute uvujaji kwa mkono. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi kama sindano, na kidonda kinaonekana kidogo huku nyama ya ndani ikiharibika. Tumia kipande cha ubao au boksi. Mtu akitobolewa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, na daktari aambiwe wazi kuwa ni mafuta ya haidroliki. Kabla ya kufungua mpira wowote, shusha kisu chini, zima injini, toa shinikizo. Usiingie chini ya kisu kilichoshikiliwa na haidroliki peke yake, wala usisogelee shafti ya PTO (inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine) inayozunguka. Kufungua vali yenyewe na silinda ni kazi ya fundi wa haidroliki mwenye karakana safi. Punje moja ya mchanga inaua vali mpya.

Simama, piga simu

Mlingoti ukikaribia nyaya za umeme, simama. Antena ndiyo kitu kirefu kuliko vyote kwenye trekta na operata huisahau. Piga TANESCO, usikisie urefu wa waya kwa macho.

Ukikuta vibao vya bomba au kebo, simama. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola linapita mikoa ya Morogoro, Iringa na Mbeya, na kebo za mawasiliano hufuata barabara nyingi. Mchoro wa mtaro ulio kwenye skrini haujui kilicho chini ya ardhi.

Mtu asishuke kwenye mtaro uliofika kifuani kwenda kuokota futi au kuondoa jiwe ikiwa kuta hazijapunguzwa ukali. Mbuga iliyopasuka huanguka kwa pande nzima, bila onyo.

Na usipeleke mtaro mtoni kwa sababu tu mteremko unaelekea huko. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na uwanda wa mafuriko wa Kilombero ni eneo la Ramsar, yaani ardhi oevu inayotambuliwa kimataifa, tangu 2002. Ongea na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kabla trekta haijawashwa. Redio ya bezi nayo iwe na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ukinipigia simu, uwe na picha ya skrini inayoonyesha hali ya RTK na umri wa sahihisho, na uniambie kwanza kimo ulichosoma kwenye alama ya zege leo asubuhi, na cha jana.